Tapeli wa kwenye muvi na yule aliyepanga kwetu

Mi ni mtu wa muvi za matapeli toka zamani, na nasema hivi nikijua kabisa kwamba familia yetu ilishalizwa na tapeli wa kweli, wa kula naye sinia moja. Wanaonijua huwa wananiuliza unawezaje, yaani baada ya yale yote bado unakaa unamwangalia jamaa anadanganya watu halafu unacheka? Nimelifikiria sana hilo swali na nataka niliandike vizuri.

Ya kwanza niliiona 2009, Tanga, Ngamiani, sebuleni kwa mjomba. Mjomba alikuwa nazo zile DVD za muvi kumi kwenye sahani moja, kava limejaa sura za masteringi wamebanana kama abiria wa daladala, na humo katikati ya muvi za ngumi ndo tukaikuta Catch Me If You Can. Imetengenezwa na Steven Spielberg, ilitoka Desemba 2002, Leonardo DiCaprio ndo steringi, dogo tapeli anaitwa Frank Abagnale anayejifanya rubani, daktari na wakili, na Tom Hanks ndo mpelelezi wa FBI, makachero wa Marekani, anayemkimbiza. Mwanzoni watoto walilalamika muvi gani hii watu wanaongea tu, mpaka dogo alipofika shule mpya, akapigwa kikumbo na mwanafunzi mmoja, akaingia darasani akasimama mbele akajifanya yeye ndo mwalimu wa Kifaransa, na akafundisha wiki nzima! Sebule ililipuka. Toka hapo hakuna aliyebanduka, mpaka mjomba mwenyewe aliyekuwa anajifanya yuko bize na redio yake akavuta kiti. Kaka yangu alikuwa form two, kesho yake akaomba apigiwe pasi shati jeupe akalivaa Jumamosi nzima, anatembea mtaani kifua mbele kama rubani.

Na kiukweli sisi watu wa pwani hatukusubiri Hollywood ije itufundishe kumpenda mjanja. Bibi alishatulea na Abunuwasi. Ile ya sufuria sidhani kama kuna mtoto wa kwetu haijui: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kasufuria kadogo ndani, anasema sufuria yako imezaa. Jirani anafurahi, anapokea vyote viwili. Siku nyingine anaazima tena, safari hii hairudishi, jirani akifuata anaambiwa pole sana, sufuria yako imekufa. Jirani anakuja juu, sufuria inakufaje? Abunuwasi anamuuliza, uliamini imezaa, kwa nini huamini imekufa? Bibi alikuwa akifika hapo anapiga kofi moja tu na sisi tunamalizia kucheka, na hata siku moja hatukumwonea huruma yule jirani, maana mwenyewe alikubali sufuria inazaa kwa sababu ilikuwa inamletea faida.

Ukiangalia vizuri ile muvi imesukwa hivyo hivyo. Anayeibiwa ni benki na shirika la ndege la Pan Am, na benki huioni ikilia. Anayeiba ni mtoto ambaye wazazi wake wanaachana, anaambiwa achague atakaa na nani, anakimbia. Halafu kuna Christopher Walken, baba yake, kila akitokea unataka umkumbatie. Kuna ile usiku wa kuamkia Krismasi yule mpelelezi yuko ofisini peke yake, simu inaita, ni yule dogo anayemtafuta, na mpelelezi anagundua kwamba huyu amepiga kwa sababu hana mtu mwingine wa kumpigia. Mi nilikuwa na miaka 15 na nililia pale. Kwa hiyo mtu asiseme hizi muvi zinapendwa kwa sababu watu ni wabaya rohoni, hapana, zinagusa kitu kizuri kabisa, zile ndoto za kuingia mahali ambapo huna ruhusa ya kuingia na watu wakakufungulia mlango kwa vile umevaa vizuri na umewasalimia kwa kujiamini. Mtoto wa Ngamiani anayejua kwamba kuna ofisi atarudishwa getini kabla hajafungua mdomo, ile anaielewa bila hata tafsiri.

Sasa 2014 akaja mpangaji.

Nyumba ya bibi ina vyumba vitatu vya nyuma, tunapangisha. Alikuja kijana wa kama miaka thelathini, msafi, akasema anafanya kazi za kutoa mizigo bandarini. Akalipa miezi sita hela mkononi bila kubishana bei. Wiki ya kwanza alishayajua majina ya watoto wote wa uani, na sio majina tu, alijua nani anaogopa mbwa na nani hali bamia. Bibi alimwita mume wangu, yeye akamwita bibi mke wangu, ule utani wa bibi na mjukuu, na jioni alikuwa anakuja na machungwa anakaa naye barazani anamenya. Alikuwa anamenya ganda lote bila kukatika, linashuka refu mpaka chini, halafu anamvalisha bibi shingoni kama mkufu. Bibi anacheka mpaka anakohoa. Mi mjukuu wake wa damu sijawahi kukaa kumenyea bibi chungwa, nilikuwa nampa tu zima na kisu, na hilo huwa nalikumbuka zaidi ya hela.

Hakuomba kitu. Hapo ndo watu hawanielewi nikisimulia, wanadhani tapeli anakuja anaomba. Yule alikaa miezi minne bila kuomba hata chumvi! Siku moja tu alisema kwa kupita kwamba kuna friji kwenye mnada wa mizigo iliyokaa sana bandarini, mama kama unataka nikuangalizie, laki na themanini. Dukani friji ile ilikuwa zaidi ya laki nne. Mama akatoa, kesho yake friji likaja na mkokoteni, zima, na nailoni yake. Baadaye fundi cherehani wa jirani akapata mashine, nusu bei. Sasa hivi najua kwamba alivinunua dukani kwa bei ya dukani akaongezea hela yake, ni kile kisufuria kidogo cha Abunuwasi, lakini wakati ule sisi tuliona nyota imetuwakia.

Halafu zikaja stori za pikipiki. Pikipiki za mnada, laki nane moja, wakati dukani mpya ilikuwa karibu milioni mbili. Na hapo yeye ndo akawa anakataa! Anasema jamani nafasi ni chache, nisije nikaonekana namnyima mtu, nawaomba msiniingize kwenye lawama. Watu wakawa wanakuja usiku kumbembeleza, na wengine wanakuja kwa mama kwanza ili mama awaombee kwake. Jumla wakatoa watu saba. Wanne wa mtaani na watatu ni wanakikundi cha mama, kikoba chao cha wanawake, na mama alikuwa mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo. Kama hujawahi kuliona sanduku la kikoba, lina kufuli tatu na kila ufunguo unakaa na mtu wake, halifunguki mpaka wote watatu wawepo. Sasa mama ndo aliwashawishi wenzie, akasema huyu namjua, anakula kwangu. Ziliwekwa kufuli tatu ili mwizi asiweze, na hazikusaidia kitu maana waliofungua ni wenyewe, mchana, na dua wakapiga.

Milioni tano na laki sita. Aliondoka Alhamisi asubuhi, alimuaga bibi vizuri, akasema mke wangu leo nitakuletea samaki.

Sitaki kuelezea sana zile siku tatu za mwanzo. Simu haipatikani, chumba kimebaki na godoro na chandarua. Kaka alienda bandarini akaulizia, hakuna anayemjua. Mama akakataa katakata kwenda polisi, na watu wakamsema kwa hilo pia, wakasema huenda wanajuana, walikuwa wamegawana. Lakini mi nilimwona usoni, ilikuwa ni aibu. Kusimama mbele ya meza ya askari kijana ukaanza kusema tulimwamini sababu alikuwa anamenya machungwa.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Victor Lustig, yule aliyewauzia watu mnara wa Eiffel mwaka 1925, alijifanya ofisa wa serikali akaita wafanyabiashara wa vyuma chakavu akawaambia mnara unabomolewa kwa siri, na mmoja akalipa. Watu wakisimulia hii huwa wanachekea hapo kwenye kuuza mnara. Mi kilichonishika ni kwamba yule aliyelipa hakwenda polisi, aliona aibu. Yaani mfanyabiashara wa vyuma chakavu wa kule Ufaransa na mama yangu muuza vitenge wa Ngamiani walinyamaza kwa sababu ile ile moja. Na huko Marekani, mwaka 1849, kulikuwa na mtu anaitwa William Thompson, alikuwa anamsimamisha mtu aliyevaa vizuri pale New York, anapiga naye stori kama wanafahamiana, halafu anamuuliza, una imani nami kiasi cha kuniachia saa yako mpaka kesho? Na watu walikuwa wanavua saa wanampa. Kiingereza kikachukua jina la tapeli, confidence man au con man, kutoka hapo hapo kwenye lile neno imani (confidence). Sisi kwetu tunasema kuingizwa mjini, na nalipenda hilo neno maana ndo inavyokuwa, unashikwa mkono unaonyeshwa njia na mtu mwenye tabasamu.

Mama alilipa hela ya kikoba peke yake. Milioni mbili na laki nne, laki moja kila mwezi, miezi 24, kutoka kwenye vitenge vya kukopesha. Hakuambiwa na mtu alipe, wenzie walisema tugawane hasara, akakataa. Friji alilitoa kwa nusu bei wiki ile ile, hakutaka kuliona.

Ile muvi sikuigusa mpaka 2016, nimehamia Dar, naishi na wenzangu wawili Sinza, mmoja akaiweka. Nikasema nitaondoka ikinishinda. Kusema ukweli haikunishinda, nilicheka kule kwa mwalimu wa Kifaransa kama mara ya kwanza, muziki wa John Williams bado mtamu, DiCaprio akipita airport na wale wahudumu wa ndege kulia na kushoto bado nikasema daah. Lakini kuna sehemu nilikuwa sijawahi kuiona, yaani nimeiona mara nyingi ila macho yalikuwa yanapita tu. Yule binti anaitwa Brenda, Amy Adams, nesi. Jamaa anajifanya daktari, anampenda, anapelekwa kwao Louisiana, anakaa mezani na wazazi, usiku anachungulia anawaona baba na mama wa watu wanaosha vyombo huku wanacheza taratibu jikoni, na unaona kabisa macho yake yanatamani. Mi nililia tena, safari hii kwa sababu nyingine. Nilijiuliza kama na yule wetu kuna usiku alikaa barazani akatamani kweli awe mjukuu wa bibi. Inawezekana. Na Alhamisi bado akaondoka.

Halafu siku ya sherehe ya uchumba wao, FBI wanafika, jamaa anamwambia Brenda tukutane airport Miami, anarukia dirishani. Brenda anakwenda, anamsubiri pale nje, jamaa anamwona kwa mbali, anawaona na makachero wamejificha karibu, anageuza anaondoka. Na kamera inaondoka naye! Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakihisi tu. Utamu wote wa hizi muvi uko kwenye wapi kamera imekaa. Ukipanda gari moja na tapeli, kila mlango ni mchezo na kila askari ni kikwazo cha kuruka. Ukibaki na Brenda pale airport hakuna muvi ya kuchekesha, kuna binti ambaye anatakiwa arudi kwao akawaangalie wazazi wake.

Na kumbe hata ile "stori ya kweli" ambayo muvi inasema imetokana nayo, yenyewe nayo ni utapeli. Hili nimelijua baadaye na liliniuma kama kupigwa mara ya pili. Frank Abagnale, mwenye stori, kitabu chake cha 1980 kinasema kabla ya kufika miaka 21 alishakuwa rubani wa Pan Am, daktari Georgia, mwanasheria Louisiana, na hundi feki za dola milioni 2.5 kwenye nchi 26. Mwaka 2020 mwandishi Alan Logan akatoa kitabu kilichofuatilia kumbukumbu za magereza na mahakama, na zinaonyesha kwamba kuanzia Julai 1965 mpaka Desemba 1968, yaani umri wa 17 mpaka 20, miaka ile ile anayosema alikuwa anaruka na ndege dunia nzima, huyu bwana alikuwa gerezani Great Meadow, jimbo la New York. Hundi za Pan Am alizofungwa nazo baadaye zilikuwa kumi na hazikufika dola 1,500. Na siyo kwamba Logan ndo wa kwanza, gazeti la San Francisco Chronicle lilishaonyesha 1978 kwamba stori haisimami, miaka 24 kabla ya muvi. Muvi yenyewe inaanza na kile kipindi cha TV cha 1977 ambapo wanakaa watu watatu, wote wanadai ni yeye, na kazi ya walioalikwa ni kutambua nani mkweli! Iligharimu dola milioni 52, ikaingiza zaidi ya milioni 350, na mwenyewe Abagnale yumo humo ndani, ndo askari wa Kifaransa anayemkamata DiCaprio.

Lakini kilichonifanya nizime simu nikakaa kimya ni alichokifanya kweli baada ya kutoka Great Meadow. Mwanzoni mwa 1969 alimfuata mhudumu wa ndege mpaka kwao Baton Rouge, Louisiana, anajifanya rubani. Wazazi wa yule dada wakampokea. Akawa anakaa kwao, anakula kwao. Na akaiba hundi zao. Alikamatwa Februari ya mwaka ule ule. Hiyo ndo Louisiana ya kweli, hakuna uwakili wala sherehe, kuna familia ya kawaida iliyofungua mlango. Nilisoma hiyo habari nikaona baraza letu, nikaona maganda ya machungwa.

Siku zile wanawake watatu waliposimulia kwenye The Tinder Swindler, ile filamu ya habari za kweli ya Netflix ya 2022, waliotapeliwa na jamaa anayejifanya mtoto wa bilionea wa almasi, nilisoma watu wanavyowasema, wana tamaa, walifuata ndege binafsi. Tamaa! Hilo neno nilishalisikia, mama yangu alilisikia bombani, dukani, msibani. Na Oktoba 2023 majirani zetu Kenya walipomjadili kijana aliyedaiwa kuwa wakili feki, ikasambaa kwamba kashinda kesi 26, magrupu ya WhatsApp yalikuwa yanashangilia kama mpira, mpeni leseni tu, na mi nilianza kuandika kwa kushangilia vile vile nikafuta. Nilikuwa nawaza wateja tu, kama wapo, wako wapi, wanasema nini.

Bado naziangalia. Nazipenda, na ninayoiheshimu kuliko zote ni Can You Ever Forgive Me? ya 2018, ya Lee Israel, mwandishi aliyefulia akawa anaghushi barua za watu maarufu walioshakufa, barua zaidi ya 400, maana ile haimpambi, inamwonyesha na upweke wake na paka wake na ulevi, na inachekesha hivyo hivyo bila kumfanya malaika. Inawezekana kumbe.

Bibi alifariki 2018. Mpaka mwisho alikuwa anasema yule mtoto angeomba tu ningempa, na mama alikuwa anatoka nje akisikia hivyo.

Idi iliyopita mama alikuja kwangu Dar kwa ajili ya kliniki ya macho, usiku tumemaliza kula nikamuuliza mama tuangalie muvi? Nikamwambia kabisa ni ya tapeli. Akasema weka. Alimpenda sana yule baba, alisema huyu mzee ana moyo ila maisha hayamtaki. Kwa mwalimu wa Kifaransa alicheka, nikashangaa mi mwenyewe. Tulipofika airport Miami, Brenda anasubiri, mama akanishika mkono.

"Huyu binti kwao alirudije?"

Nikasema hawaonyeshi mama, muvi inahamia Ufaransa. Nikabonyeza ikasimama. Mama akawa anaiangalia tu ile picha iliyoganda.

"Mie wa kwanza kumwambia alikuwa bibi yako," akasema. "Nilikaa chooni nusu saa natafuta nianze na neno gani. Nikatoka, nikamkuta kabandika maji ya ugali, anasubiri samaki."

Hakuwahi kunisimulia hilo. Miaka yote ile. Nikaiacha muvi imesimama pale pale, akaendelea kusimulia mpaka saa saba usiku.